Jinsi ya kusoma safari ya Marquette na Jolliet ukiwa Nairobi na simu yako tu: isome kama ripoti ya wafadhili

Mpwa wangu alipewa kazi ya historia chuoni, mwandike kuhusu wamisionari wa Kifaransa walivyoingia bonde la mto Mississippi, kule Amerika Kaskazini. Akaniletea karatasi mbili, sentensi ya kwanza "Padri Marquette aligundua mto Mississippi mwaka 1673", nikamwambia keti hapa, chai iko kwa thamosi, hatutoki leo. Nikamwonyesha vile mi husoma hizi vitu. Tangu hapo watu kadhaa wameniuliza hiyo njia kwa hivyo naiandika mara moja niache kurudia.

Kwanza mjue mi si mwanahistoria. Nimefanya kazi ya miradi hapa Nairobi miaka kama saba, na kazi yenyewe ilikuwa kuandika ripoti za kupeleka kwa wafadhili. Ukienda fildi siku tatu unarudi ofisini unaandika kana kwamba uliishi huko, dereva aliyejua njia humtaji, chifu aliyewaitia watu anakuwa "jamii", na mvua iliyowakwamisha inaingia kwa sehemu ya changamoto. Sasa siku niliyosoma masimulizi ya Marquette nikacheka peke yangu kwa matatu, nikasema hii lugha naijua!

Na si bahati. Wajesuiti (shirika la mapadri wa Kikatoliki) wa Ufaransa kule Quebec, Kanada ya leo, walikuwa na desturi, kila mwaka taarifa kutoka misheni zote zinakusanywa na mkuu wao, zinasahihishwa, zinapelekwa Paris kuchapishwa wasome watu wenye pesa na wenye moyo wa kusaidia. Zilitoka tangu 1632 mpaka 1673. Ni ripoti za wafadhili, tena nzuri, zimeandikwa na watu wenye elimu na macho makali. (Ndio, Wajesuiti hao hao wenye parokia kule Kangemi, shirika ni lile lile.) Masimulizi ya Marquette yenyewe hayakuwahi mfululizo huo, yalichapishwa Paris 1681 yeye akiwa amekufa miaka sita, lakini yametengenezwa kwa mtindo ule ule na mkuu wake Claude Dablon ndiye aliyeyapanga. Kwa hivyo hata pale unaposoma "mimi", jua kuna mhariri nyuma.

Kupata maandishi

Tafuta mkusanyiko unaoitwa Jesuit Relations, ule uliohaririwa na Thwaites kati ya 1896 na 1901. Ni juzuu 73, usishtuke, unahitaji moja tu, juzuu ya 59. Haki zake zilishaisha zamani kwa hivyo ni bure kabisa, mtu akikuuzia anakula pesa yako. Kifaransa na Kiingereza vimewekwa kurasa zikitazamana, ukiona kurasa ni nyingi gawanya kwa mbili. Ile faili ya picha za kurasa ni nzito, itakumalizia bando, ipakue mahali pana waifai ama chukua ile ya maandishi matupu ambayo ni nyepesi. Mi nilienda saiba nikaprinti kurasa za safari ya kwanza peke yake nikaziunganisha na stepla, na nakushauri ufanye hivyo kwa sababu utaandika pembeni sana.

Kama Kifaransa chako kiko sawa soma upande huo. Kama uliacha kwenye bonjour kama mimi, soma Kiingereza lakini weka alama kila mahali utakapoona neno la "washenzi", maana liko karibu kila ukurasa. Alama hiyo ina kazi, tutaifikia.

Daftari kabla ya ramani

Chora safu nne. Tarehe na mahali. Nani alimwambia. Nani alimwonyesha njia. Nini alitoa au alipewa. Basi. Usiweke safu ya "nini kiligunduliwa", hiyo itajaa yenyewe kwa kichwa chako bila msaada.

Wahusika uwaandike juu kabisa. Jacques Marquette, alizaliwa Laon, Ufaransa, 1637, akaingia Ujesuiti kijana wa miaka 17, akafika Quebec 1666 na akatumia muda mwingi kujifunza lugha za wenyeji, anasemekana alijua sita. Louis Jolliet, huyu ni mtoto wa Quebec, amezaliwa 1645, alisomea kwa Wajesuiti akaacha upadri akaingia biashara ya manyoya ya wanyama. Jolliet ndiye aliyekuwa na barua ya kazi kutoka kwa gavana Frontenac. Serikali ilitoa baraka, pesa haikutoa, Jolliet na wenzake wakajigharamia wakitumaini manyoya yatarudisha. Swali walilotumwa nalo lilikuwa moja: huu mto mkubwa ambao kila mtu anautaja unamwaga wapi, je unafika bahari ya upande wa California, ndio mtu apite aende China?

Halafu kuna wanaume watano wengine. Kwenye masimulizi hawa ni "watu watano" na hakuna zaidi. Waandikie mistari mitano mitupu kwa daftari. Najua inaonekana ujinga, we fanya tu.

Sasa ramani

Fungua Google Maps uweke alama hizi kwa mpangilio: St. Ignace (Michigan), Green Bay, Portage (Wisconsin), Prairie du Chien, Alton, St. Louis, Cairo ya Illinois (ukiandika Cairo peke yake itakupeleka Misri, mpwa wangu alikaa dakika kumi akishangaa), halafu mdomo wa mto Arkansas, halafu rudi juu mpaka Chicago. Jumla yake kwenda na kurudi ni karibu kilomita 4,000, yaani kama kutoka Nairobi uende Mombasa na urudi, mara nne, kwa kasia, ndani ya mitumbwi miwili ya magome ya mti, chakula chenu ni mahindi na nyama iliyokaushwa kwa moshi.

Majina ya zamani yatakusumbua kwa hivyo yaandike pembeni. Lac des Illinois ni Lake Michigan ya leo. Meskousing ni Wisconsin. Pekitanoui ni Missouri. Mississippi yenyewe Marquette aliupa jina la Conception, Jolliet akauita Buade, ambalo ni jina la ukoo wa gavana, naye ndiye bosi. Yote mawili yakafa, likabaki la wenyeji, Misi-ziibi, Mto Mkubwa. Sisi tuliozoea Government Road kugeuka Moi Avenue na Nyanza kubandikwa jina la malkia wa watu hatuhitaji maelezo zaidi hapo.

Mahali pa kusoma polepole

Usisome yote kwa kasi moja. Kuna sehemu za maua na ndege unaweza kupita haraka. Lakini hapa chini tulia.

Ya kwanza iko mwanzoni kabisa na wengi huiruka. Kabla hawajaondoka St. Ignace, tarehe 17 Mei 1673, Marquette anaeleza kuwa walikusanya habari zote walizoweza kutoka kwa wenyeji waliowahi kupita huko, na kutokana na habari hizo wakachora ramani ya nchi nzima wanayoenda, mito ya kupita, majina ya mataifa na mahali, uelekeo wa mto mkubwa. Soma tena hiyo. Ramani ilikuwepo kabla ya safari! Ilikuwa kwa vichwa vya watu, wao wakaihamishia kwenye karatasi. Na habari za mto alikuwa nazo miaka kadhaa nyuma, alizipata kwa Waillinois waliokuja misheni yake ya zamani kule Lake Superior.

Hapa mi hukumbuka ile ramani ya wamisionari Rebmann na Erhardt ya 1856, iliyoonyesha ziwa moja kubwa ajabu katikati ya Afrika, wazungu Ulaya wakaicheka wakasema ni konokono asiye na gamba. Ilitoka wapi? Kwa watu wa misafara ya pwani waliokuwa wameshaenda na kurudi. Walikuwa wakizungumzia maziwa kadhaa, aliyeyaunganisha kuwa moja ni mchoraji. Na Krapf, mmisionari mwenzao, alipouona mlima Kenya Desemba 1849 alikuwa Ukambani kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara ambaye hizo njia zilikuwa ofisi yake. Ukishaona hii kwa nyumbani, utaiona kwa Marquette bila miwani.

Ya pili ni kwa Wamenominee, watu wa mpunga mwitu. Wanamwambia usiende: kuna watu huko wanaua wageni bila kuuliza, kuna zimwi mtoni linalomeza mitumbwi, na joto litawaua. Marquette anajibu kwa ushujaa wa kidini. Hii kwa ripoti ni ile sehemu ya hatari za mradi, inaandikwa ili mfadhili ajue pesa yake ilienda kwa watu jasiri. Lakini angalia, yaliyosemwa si upuuzi wote. Vita vilikuwepo. Joto la Julai na mbu yeye mwenyewe anakuja kulalamikia baadaye. Na ule mto una mikondo na magogo ya kumpindua mtu. Andika kwa safu ya "nani alimwambia".

Ya tatu ndiyo napenda kuliko zote. Wamefika kijiji cha Wamascouten, 7 Juni, hapo ndio mwisho wa mahali Wafaransa walikuwa wameshafika. Wanatoa zawadi, wanaomba waongozaji wawili, wanapewa Wamiami wawili, na tarehe 10 wanaondoka. Padri mwenyewe anakiri kuwa bila hao wangepotea, mto umejaa vinamasi na vijiziwa na mpunga mwitu umefunika hadi huoni mkondo uko wapi. Wamiami wanawafikisha pale pa kuvukia nchi kavu, wanasaidia kubeba mitumbwi hatua 2,700 mpaka mto wa pili, kisha wanageuka wanarudi kwao. Na sentensi inayofuata ni nini? Kwamba sasa tumebaki peke yetu katika nchi isiyojulikana mikononi mwa Mungu.

Isiyojulikana na nani bana! Watu wawili wametoka hapo sasa hivi wanarudi nyumbani, wakifika wanaulizwa wageni mmewaacha wapi.

Fanya hivi, kama una Jumamosi: hesabu hatua 2,700 ukitembea. Mi nilianzia Archives nikafuata Kenyatta Avenue, nikavuka Uhuru Highway nikapanda, nikaisha karibu na All Saints, na sikuwa na mtumbwi begani, nilikuwa na chupa ya maji. Umuhimu wa kile kipande cha ardhi ni kwamba nyuma yake maji yanateremka kuelekea maziwa makubwa na Quebec, mbele yake yanateremka kusini mpaka Ghuba ya Mexico. Ni kama kule Aberdare, mvua ya upande mmoja inaenda Tana mpaka bahari, ya upande mwingine inashuka Malewa inaishia Naivasha. Mtu anayejua hapo mahali ameshika ufunguo wa bara zima, na hao Wamiami walijua hadi idadi ya vichaka nadhani.

Tarehe 17 Juni wanaingia Mississippi, Marquette anasema ana furaha asiyoweza kuieleza, na mi namwamini, hapo haandikii mtu. Halafu kuna kurasa nzuri za samaki mkubwa aliyegonga mtumbwi akadhani ni gogo (kambare kuna uwezekano mkubwa) na makundi ya nyati wa kule. Mhariri angetaka kuzikata ningegombana naye.

Ya nne, 25 Juni, wanaona nyayo za watu kwa matope. Wawili wao peke yao, Marquette na Jolliet, wanafuata kinjia mpaka kijiji cha Wapeoria, taifa la Waillinois. Hapa anza kutumia zile alama zako: kila mahali penye "washenzi" kata uandike Wapeoria, Wamiami, Wamenominee. Utashangaa ukurasa unavyobadilika, ghafla ni watu wenye wazee, itifaki na mambo ya nje. Wanapokewa na kiko kirefu cha amani, hotuba inatolewa, wanalishwa kozi nne, mzee wa sherehe akimlisha padri kwa kijiko mdomoni kama mtoto: uji mzito wa mahindi na mafuta, kisha samaki ametolewa miiba na kupulizwa apoe, kisha mbwa (wageni wakakataa kwa adabu, akaondolewa), kisha nyati mnono. Wakiondoka karibu watu 600 wanawasindikiza mpaka mtoni. Wanapewa vitu viwili. Kiko chenyewe, ambacho huko mbele kwenye kijiji cha Wamitchigamea kitawaokoa maisha, vijana wako tayari na mishale wazee wakakiona wakawazuia. Na mtoto mvulana, mtumwa. Andika wote wawili kwa safu ya nne, kiko na mtoto.

Kutoka hapo shuka haraka. Karibu na Alton kuna mazimwi mawili yamechorwa kwenye mwamba mrefu, Marquette anasema wachoraji wazuri wa Ufaransa wangepata taabu kufikia hapo, na bado wanayazungumzia wanasikia ngurumo, ni Missouri inaingia na miti mizima mizima na matope, kama Sabaki ikifurika pale Malindi ila zidisha mara nyingi sana.

Kisha fuatilia lugha, maana hiyo ndiyo petroli yao na inaelekea kuisha. Kwa Waillinois anaongea mwenyewe. Kwa Wamitchigamea anajaribu lugha zake sita hakuna inayoshika, mpaka anapatikana mzee mmoja anayejua Kiillinois kidogo. Kwa Waakamsea, hao ni Waquapaw, bahati iko, kijana mmoja anakijua vizuri. Ni huyo kijana na wazee wake wanaomweleza habari za huko chini, kwamba bahari si mbali na njiani kuna maadui wenye bunduki. Wanaamua mto unamwaga Ghuba ya Mexico, si California, na wakiendelea Wahispania watawakamata na habari itapotea. 17 Julai wanageuka. Jibu la swali la gavana walilipata kwa mdomo wa watu, bahari yenyewe hawakuiona.

Na kusema kweli Mhispania De Soto alishaufikia huo mto 1541, kwa hivyo hata kwa hesabu za Ulaya neno "aligundua" halisimami. Mpwa wangu alilifuta hapo hapo.

Kurudi

Njia ya kurudi watu huipa nusu ukurasa na ina mali. Wanapandia mto Illinois ambao unafupisha safari, wanakuta kijiji cha Kaskaskia chenye nyumba 74, na kiongozi mmoja na vijana wake wanawasindikiza mpaka Lake Michigan kupitia pale ambapo sasa ni Chicago. Kwa hivyo mstari mwingine kwa safu ya tatu. Jolliet akaona kile kipande cha nchi kavu akasema mkichimba mfereji hapa mashua zitapita. Ulikuja kukamilika 1848, mwaka ule ule Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro. Mwisho wa Septemba wako Green Bay, Marquette mgonjwa. Alirudi kwa Wakaskaskia Aprili 1675 kama alivyowaahidi, na akafia njiani ufukweni mwa Lake Michigan tarehe 18 Mei, miaka 37.

Ukitaka kuwa na uhakika usisome shahidi mmoja. Tatizo ni kwamba karatasi za Jolliet zilizama. 1674 akiwa karibu kabisa na Montreal mtumbwi ulipinduka kwenye maporomoko ya Lachine, na nakala alizoacha Sault Ste. Marie nazo zikateketea. Yaliyobaki kwake ni barua na ramani alizochora kwa kumbukumbu. Zisome kando ya Marquette. Na ukimaliza mwangalie Louis Hennepin, padri wa shirika lingine aliyefika sehemu za juu za mto 1680, ambaye kitabu chake cha 1697 kilidai alifika mpaka baharini kabla ya Mfaransa mwenzake mpelelezi La Salle, na siku alizojipa hazitoshi kwa mtumbwi wowote. Chukua tarehe zake na umbali, piga hesabu kwa kalkuleta ya simu, utaona mwenyewe ripoti iliyopikwa inavyonuka. Mi nimeshaona hesabu za mafuta ya gari za hivyo.

Sasa rudi kwa daftari lako. Safu ya tatu itakuwa imejaa mpaka chini. Lakini kuna yule mtoto. Kwa masimulizi ya padri anapewa kwa sentensi moja halafu huoni tena habari zake. Ukitaka kumfuata lazima uende kwa barua ya Jolliet ya Oktoba 1674. Anamtaja kati ya alivyopoteza Lachine: mtumwa wa miaka kumi, mwepesi wa akili, msikivu, alikuwa ameanza kuongea Kifaransa, ameanza kusoma na kuandika. Alizama pamoja na karatasi. Alikuwa ameshafanya safari yote kutoka kwa Wapeoria, kushuka mpaka Arkansas, kupanda mpaka Chicago, majira yote ya baridi, mpaka mlangoni pa Montreal.

Jina lake halikuandikwa. Mpwa wangu aliuliza kama amwandike "mtoto" ama aache nafasi wazi kama tulivyofanya kwa wale watano, nikamwambia aache nafasi, mstari mzima, na aandike tarehe tu na mahali.